Mdomo wa Tarumbeta

Kapteni mpya wa ngome ya mpakani alitoa amri asubuhi: jioni tarumbeta ikilia na bendera ikishushwa, wake wote wa askari wawe nje ya lango, na wasirudi tena. Wanawake wakafunga mizigo huku wakisonya. Sikudhani, mke wa mpiga tarumbeta, akabandika maharage.

"Shoga, wewe hufungashi?" jirani akamuuliza.

"Kwani tarumbeta imelia?"

Jua likazama. Askari wakajipanga, kapteni akaipigia bendera saluti. Koplo Mabruki akainua tarumbeta, akaishusha, akaipapasa.

"Puliza, koplo."

"Haina mdomo, afande. Kile kipande cha kupulizia hakipo."

Na katika ngome ile bendera haikuwahi kushuka bila tarumbeta, wala mkono wa saluti kushuka kabla ya bendera. Kapteni akabaki vilevile, vidole kwenye kofia, mbu wakimwamkia shingoni.

Sikudhani akakaza fundo la pindo la kanga yake, lile lenye kitu kigumu ndani, akashika upawa.

"Afande," akaita kutoka jikoni, "maharage yako niyatie pilipili?"

Mkono wa kapteni ulikuwa umeanza kutetemeka.