Kiti Kilichoachwa Peke Yake

Mama alikuwa amesimama kwa mguu mmoja jikoni, ameshika kiti, kama mtaalamu wa viungo alivyomfundisha. Tangu magoti yake yaanze kusagika, hata akaanguka bafuni, hakuwahi tena kusimama akiwa amembeba mjukuu wake.

"Nitamwangusha mtoto wa watu," alikuwa akisema, na kumpakata akiwa ameketi tu.

"Na hiyo sufuria?" sasa akamfokea binti yake. "Ndiyo kuosha huko?"

Binti, mtoto begani, akageuka ajitetee. Macho yakaishia kwenye mikono ya mama.

Mama hajui kugomba bila mikono. Mmoja ulikuwa ukiisuta sufuria, wa pili uko kiunoni. Chini, vidole vya mguu vilikuwa vimeng'ang'ania sakafu, kifundo kikiyumba na kurudi, kikiyumba na kurudi, na juu yake mama mzima ametulia tuli.

Binti akabaki ameukodolea macho mguu huo.

"Nasema na wewe! Umeona jini?"

"Mama," akanong'ona, "hebu tazama mikono yako."

Mama akaitazama. Akakitazama kiti. Akashusha mguu polepole, bila kukigusa, kisha akainyoosha mikono yote miwili.

"Haya, mlete huyo mtoto wa watu."