Mkutano Alioukimbia Mhanga

Mhanga alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya kuchimba mashimo, na mkutano wa mwaka hakuwahi kuuitisha. Masika alisingizia matope, kiangazi akasingizia vumbi. Kumbe aliogopa maswali ya Nguchiro, mwanahisa asiyemeza neno. Kampuni ilipokaribia kufutwa kwa kutofanya mikutano, akakimbilia kwa Hakimu Kiboko.

"Mheshimiwa, naomba msamaha kwa mikutano niliyoiruka. Ni uzembe wangu tu."

"Na hawa wote nyuma yako ni nani?" akauliza Kiboko.

"Wanahisa, Mheshimiwa. Nimewaleta waone ninavyosamehewa."

"Umesamehewa," akasema Kiboko. "Na kwa kuwa umewakusanya mwenyewe, mkutano wa mwaka huu uanze hapa hapa."

Nguchiro akasimama, akauliza nani anataka mwenyekiti mpya. Mikono ikainuka. Mhanga akatazama, akaona na wake umo. Hata yeye alikuwa amemchoka mwenyekiti yule.