Picha Iliyokomea Puani

Nikutegee, mjukuu wangu: nani hupiga mayowe kama paka aliyekanyagwa mkia, kumbe amebeba mtoto? Usihangaike. Ni simu ya zamani ikipitisha picha kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Ndiyo iliyokuleta wewe nyumbani kwetu.

Mama yako aliolewa bila ridhaa ya babu yako, na tangu hapo mzee hakusema naye. Ulipozaliwa, kabla ya kutuma picha yako, mama yako aliniambia kwa simu, "Mama, muulize baba kama mtoto apewe jina lake." Nikamuuliza. Mzee akafuta miwani.

Picha ikaanza kushuka kwenye kioo cha kompyuta yetu, mstari kwa mstari: nywele, paji la uso, kisha sikio lililokunjika juu, sikio la babu yako kabisa.

"Usiguse simu," nikamkumbusha mzee. "Ukiinua tu, picha inakatika."

Akainua.

Mayowe yakakoma. Picha ikaishia puani. Upande wa pili mama yako naye akainua simu yake. "Jamani mama, nani ameinua? Ilikuwa bado nusu."

"Ni mimi, baba yako," mzee akasema. "Mpe jina langu."