Kijidudu Namba Nne

Kathambi ndiye aliyenieleza haya, mwaka juzi, tukichambua maharagwe jikoni kwangu, akicheka mpaka ungo ukamponyoka.

Mwaka wa sitini na sita, vita vya waasi wa shifta vikiwa vimepamba moto, yeye alikuwa msichana pekee kati ya wanafunzi sita kwenye maabara ya mifugo, Isiolo. Jumatatu hiyo walimngoja Mwalimu Githae saa nzima. Alipofika, mkoba wake ulikuwa wazi, vitu vimejazwa ovyo.

"Askari wa kizuizi," alisema. "Wamenipekua mpaka soksi."

Akawagawia vichupa sita. Kila kimoja kilikuwa na namba yake, na ndani yake kijidudu cha aina yake.

"Ijumaa kila mtu aniambie chake kinaitwaje, na amejuaje. Asiyeweza, afunge mizigo."

Kathambi alipata namba nne. Baba yake, mzee Rimberia, alishamwambia wazi: akirudi bila kazi, atafunga mafungu ya miraa ya kuuza na shangazi zake mpaka aote mvi.

Akaanza. Alipaka tone kwenye kioo, akalitia rangi ya zambarau, akaosha kwa spiriti, akainamia hadubini. Viduara vya zambarau, vimejipanga kama shanga. Hapo sawa. Kikabaki kipimo cha maziwa: atie kijidudu ndani, aone kama yataganda. Cha maziwa mala, yale ya mgando, hugandisha; cha usaha hakigandishi. Alitia Jumanne. Jumatano, majimaji. Alhamisi, majimaji vilevile.

"Usijichoshe," alinong'ona Kobia, jirani yake wa mezani. "Ndugu yangu alisoma hapa. Namba nne ni kile cha usaha, kila mwaka. Andika, tukanywe chai."

Kathambi alikuwa ameshashika kalamu Akal alipoingia. Huyu alikuwa mama wa Kiturkana aliyewaletea maziwa. Akachungulia kichupa.

"Unangoja hiyo igande?"

"Siku ya pili sasa, mama."

"Hiyo ni ya ngamia. Ng'ombe wamehamishwa na vita. Ya ngamia inachacha tu, haigandi, hata uikalie kama kuku. Kwani nyinyi watu wa mlima mnasoma nini humu?"

Kathambi aliweka kalamu chini. Alizunguka mji mpaka akapata nusu kikombe cha maziwa ya ng'ombe kwa mke wa karani. Ijumaa asubuhi yalikuwa yameganda, kijiko kinasimama.

Mwalimu aliwaita mmoja mmoja. Macho yake yalikuwa mekundu wiki nzima. Kobia alisema ni ukali.

"Namba nne?"

"Streptokoki, Mwalimu. Ile ya maziwa mala."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Hebu nieleze, pole pole."

Mwalimu akaandika kila neno alilosema: shanga, zambarau, ngamia, ng'ombe. Kisha akainua kichwa.

"Haiwezi kuwa kitu kingine?"

Kathambi aliiona miraa akilini, mafungu kwa mafungu. "Haiwezi. Kama wewe umeandika kingine, Mwalimu, basi umekosea."

Kule mlangoni, Kobia alifumba macho.

"Umepita," Mwalimu akasema, akashusha pumzi.

Wanne wengine nao walipita. Kobia alipoulizwa chake amekijuaje, alitaja ndugu yake. Wote wakangoja afukuzwe. Mwalimu akamrudishia kichupa kwa mikono miwili. "Rudia, Kobia. Uniletee jibu kesho, tafadhali."

Saa nane mchana, Kathambi akijiandaa kwenda kwa shangazi yake ng'ambo ya kizuizi, Mwalimu alimpa barua awapelekee askari. Haikuwa imefungwa. Akaisoma pale mlangoni.

"Afande, naandika kwa mara ya tatu. Yale majina sita kwenye karatasi mliyoninyang'anya Jumatatu si ya shifta. Ni majibu ya mtihani, na nakala nyingine sina. Lakini sasa msihangaike kuirudisha. Matano nimeshayapata, na la sita naletewa kesho."

Aligeuka. Mwalimu Githae alikuwa ameshalaza shavu juu ya meza, anakoroma.