Punda Aazima Jina la Simba

Haya ni ya zama zile ambapo jina liliweza kuazimwa kama sufuria. Punda alimwendea Simba akilia.

“Mzee Simba, mtoto akikosea hesabu, anaitwa punda. Mlevi akitumbukia mtaroni, punda. Nimechoka!”

Simba, ambaye hakuogopa chochote, alicheka. “Chukua langu, dada yangu. Nipe hilo lako.”

Kasuku, mpenda habari, akaruka hadi kijijini kutangaza kwamba majina yamebadilishwa.

Haukupita msimu. Ngurumo iliposikika porini, wanaume walikwea miti wakipiga mayowe, “Punda anakuja! Punda!” Na sokoni, mama mmoja alimfokea mwanawe aliyekubali kubebeshwa mizigo ya wenzake: “Wewe mtoto simba kweli!”

Punda akarudi mbio, magunia mgongoni. “Mzee, nirudishie jina langu. Siku hizi lina heshima.”

“Nililipokea likiwa la aibu,” Simba akajibu. “Nimelingurumia tu. Na langu, umelifanyia nini?”

Punda akainamisha masikio. “Nimelibebesha magunia.”

“Basi litue,” Simba akasema, akapiga mwayo.

Kesho yake Bwana Kitwana, mwenye Punda, akaja kuongeza gunia la tatu juu ya mawili. Punda akamtandika teke la miguu yote miwili ya nyuma. Majirani walimkuta Kitwana amekaa matopeni, kofia huku, kiatu kule, akimtazama mnyama wake kwa adabu mpya.

“Jamani,” akawaambia, “huyu simba kweli.”