Mahindi ya Juu ya Meko

Niliingia jikoni kuongeza kuni, nikaona kamba ya juu ya meko inaning'inia tupu.

"Shangazi, mahindi ya hapa yako wapi?"

"Si hayo kwenye sufuria," alisema akijifuta jasho. "Watu wametoka makaburini na njaa, na ufunguo wa ghala alikouficha kaka yangu alijua mwenyewe. Nimeyapukuchua yote."

Nikafunua. Punje zilikuwa zimeshafura na kupasuka.

Ile ndiyo ilikuwa mbegu yetu. Kila mavuno Baba alichagua hindi moja moja, lililojaa hadi nchani, akayasuka kwa maganda yake na kuyatundika moshini yasiliwe na wadudu. Miaka thelathini hakununua mbegu. Sisi watoto tukiyanyoshea mkono, alitukemea huku akicheka: "Hayo si ya kula. Hayo ni mwakani."

Mama alisimama mlangoni, akaitazama kamba, kisha sufuria. Akachukua upawa, akaanza kupakua.

Uani, jirani alitafuna akitikisa kichwa. "Marehemu alijua kulima, jamani! Shemeji, mvua zikikaribia mtatugawia mbegu hii?"

Mama akamwongezea upawa mmoja.