Nikikosea, Inasema Nini?

"Nikikosea kitufe, inaniambia nini?"

Muuzaji alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo. Wateja wa redio huuliza bei, huuliza betri, huuliza kama inaingia memori kadi. Mzee huyu, fimbo yake nyeupe imeegemea meza, alitaka kwanza kujua atajibiwaje akikosea.

"Hii haisemi kitu, mzee. Ni ya kioo, unagusa tu."

"Kioo!" Mzee aliupapasa ule ubapa, akaurudisha. "Mimi na kioo hatujaonana miaka mingi, binti. Leta nyingine."

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, pochi kaibana kwapani. Alipopewa shikamoo mlangoni hakuitikia marahaba. Alitikisa kichwa tu, akazigeukia pasi za umeme kana kwamba ndizo zilizomleta. Muuzaji alimwonea huruma, akadhani ni bubu.

"Usimsikitikie," mzee alisema, kama aliyeyasikia mawazo yake. "Ulimi anao, tena wa kutosha. Ameikalia redio yangu ikavunjika. Kiti changu, redio yangu, aliyekaa yeye, mwenye makosa mimi! Nikamwambia redio si kitu, sema samahani yaishe. Neno moja tu. Akaona bora afunge duka zima. Tangu juzi sijasikia hata kikohozi. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Basi nausubiri huo mshindo."

Aliyasema kwa mzaha, lakini muuzaji aliona wazi kwamba kile kimya kilimuuma kuliko redio.

Akamletea ile aliyoiamini mwenyewe. Vitufe vyake viliinuka, kila kimoja na umbo lake, na cha kuchezesha kilikuwa na nukta ya kupapasa. Ilitaja jina la kila wimbo, ilikumbuka ulipoishia, na muziki ulitoka mzito, mtamu. Vidole vya mzee viliizunguka mara moja tu, vikawa vimeshaijua njia. Kisha akabonyeza ovyo, makusudi.

"Hitilafu," ilisema sauti kavu ya kompyuta. "Hitilafu."

"Umesikia? Hata hii inanilaumu! Nyumbani nalaumiwa bure, nije dukani nilipie?"

"Lakini mzee, hii ndiyo nzuri kuliko zote."

"Hamna zile za zamani? Zile za kitufe kikubwa kama kifungo cha koti?"

Ilikuwepo moja, rafu ya chini kabisa, imelala vumbini. Muuzaji aliifuta kwa kiganja, akaona haya kidogo kumkabidhi mtu kitu kama kile.

"Hizi hazitengenezwi tena, mzee. Spika inakwaruza, betri haidumu. Na enzi hizo kompyuta zilikuwa hazijajua kusema. Walimtafuta mtu, akakaa chumbani akasoma maneno yote, wakayatia humu."

Mke aliziacha pasi. Alimvuta mumewe mkono wa shati kuelekea mlangoni, akavuta tena kwa nguvu zaidi. Mzee hakusogea. Alikipapasa kile kitufe kikubwa, akakibonyeza wakati redio haina hata wimbo mmoja.

"Samahani," ilisema sauti ya mwanamke, taratibu, neno likivutwa mwishoni. "Hakuna wimbo."

Uso wa mzee ulichanua. Akabonyeza tena.

"Samahani. Hakuna wimbo."

Na tena.

"Samahani."

"Angalau kuna mwenye adabu," alisema kwa sauti ya kufika hadi kwenye pasi. "Nifungie hii hii, binti. Nitaibonyeza nikiamka. Nitaibonyeza nikila. Mtu akianza kupata usingizi, nitaibonyeza."

Muuzaji alisikitika kweli. Mtu mzima, mwenye masikio kama yale, anakwenda kununua mkweche kwa ajili ya neno moja! Lakini mteja ni mteja. Aliilaza redio kwenye boksi, akachomoa betri ili aifunge peke yake.

"Samahani," ilisema sauti ile ile, taratibu, neno likivutwa mwishoni.

Muuzaji aliitazama betri kiganjani mwake.

"Samahani, mume wangu. Niliikalia mimi. Sasa chukua redio ya maana, twende nyumbani."

Mzee alilisukuma boksi pembeni.

"Haya, binti," alisema. "Nipe ile nzuri."